Mawe Yatelezayo Juu ya Barafu

Upande wa magharibi wa Kanada iko nchi tambarare iliyo pana mno, na majimbo yake ni matatu: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Wakulima wa huko husifika kwa kilimo cha ngano. Lakini majira yao ya baridi ni marefu. Maji ya mito huganda, udongo huwa mgumu hata plau haiwezi kuupasua, na siku nyingine baridi hufika digrii 40 chini ya sifuri.

Basi, watu wafanye nini miezi hiyo yote? Katika miji mingi midogo hukutana kucheza mchezo uitwao kalingi. Mchezo huu uliletwa Kanada na wahamiaji wa Uskoti. Mwaka 1880 chama cha Granite kilianzishwa mjini Winnipeg, na baadaye vyama vingine vingi vikatokea katika miji ya wakulima.

Kalingi huchezwa hivi. Ndani ya banda refu hutengenezwa uwanja wa barafu, urefu wake yapata futi 150, na kwenye ncha zake huchorwa duara lenye upana wa futi 12. Kila upande una watu wanne, na kila mtu ana mawe mawili. Mawe hayo ni ya itale, yamechongwa yakawa mviringo na kutiwa mkono wa kushikia, na kila moja lina uzito wa karibu ratili 44.

Mchezaji hulisukuma jiwe lake liteleze kuelekea duara la mbali. Wenzake wawili hulitangulia wakisugua barafu kwa mafagio, ili jiwe liende mbali zaidi na lisipinde sana. Nahodha husimama kwenye duara akiwaelekeza kwa sauti kuu. Mawe yote 16 yakiisha, upande ulio na jiwe la karibu zaidi na kitovu hupata alama, moja kwa kila jiwe lililo karibu kuliko jiwe bora la wapinzani.

Katika michezo ya vyama vya vijijini hakuna mwamuzi. Mtu akiligusa jiwe linalokwenda, hutazamiwa kukiri mwenyewe, hata kama hakuna aliyemwona. Mchezo ukiisha, walioshinda na walioshindwa hupeana mikono.

Mji mdogo nao huweza kuita mashindano makubwa. Mwaka 1947 mji wa Nipawin katika Saskatchewan ulitoa magari manne mapya kuwa tuzo ya washindi. Ernie Richardson, mtu wa jimbo hilo hilo, alipata ubingwa wa Kanada mara nne baina ya mwaka 1959 na 1963, akianza pamoja na ndugu yake na binamu zake wawili. Na Sandra Schmirler, binti wa mji mdogo wa Biggar, aliongoza wenzake kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifariki mwaka 2000, angali na umri wa miaka 36, na Kanada nzima ilimlilia.

Lakini mabingwa hao walitoka katika mabanda ya kawaida, na mabanda hayo yana shida. Mashamba yamekuwa makubwa, mashine zimechukua kazi za watu wengi, na vijana wamehamia mijini. Vijiji kadhaa vimepoteza shule na kituo cha reli. Banda la kalingi hutunzwa na wenyeji wenyewe, ambao hupokezana kutengeneza barafu, kupika chakula na kukusanya fedha za umeme. Watu wakipungua, kazi hiyo huwaelemea wachache waliobaki, na mwishowe mlango hufungwa.

Siku hiyo kinachopotea si mchezo tu, bali mahali ambapo majirani waliotengwa na theluji walipata kuonana na kujuliana hali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala mtu mmoja hawezi kusukuma jiwe, kulifagilia njia na kuliongoza hadi kitovuni.