Je, Wajua? Usambara kwa Baiskeli

Je, wajua kwamba barabara ya lami ya kutoka Mombo hadi Lushoto, yenye urefu wa kilomita 32 hivi tu, inakupandisha mita 1,000 nzima? Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400. Ukipiga hesabu unapata wastani wa asilimia 3, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda mbele unapanda mita 3. Kwenye karatasi ni mpando wa mtoto. Barabarani ni habari nyingine, kwa sababu wastani hauonyeshi kona. Kuna vipande ambavyo baiskeli inakwenda yenyewe, na vipande ambavyo mtu mwenye baiskeli isiyo na gia anashuka na kusukuma bila kuona haya. Mwamba uko upande mmoja, korongo la mto Soni upande wa pili, na kati yao lami nyembamba ambayo unagawana na mabasi na malori ya mboga.

Maji ya mto huo hayapotei bure. Yakishamaliza kuporomoka huko juu yanafika Mombo na kumwagilia mashamba ya mpunga. Kwa hiyo ule mpunga unaouona chini kabla hujaanza kupanda umetokana na mvua iliyonyesha unakokwenda.

Je, wajua safari hiyo inakula nini mwilini? Tuseme mpanda baiskeli na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80. Kuwainua mita 1,000 kunahitaji kazi ya kilojuli 785. Misuli ya binadamu si mashine ya ajabu: katika nguvu inayotokana na chakula, karibu robo tu ndiyo inayofika kwenye pedali, na iliyobaki inatoka kama joto na jasho. Ndiyo kusema kupanda peke yake kunagharimu kama kilokalori 750, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa tairi. Ndizi mbili ulizonunua Mombo hazitoshi. Ongeza mahindi ya kuchoma.

Kurudi chini ndiko kwenye jambo la kushangaza zaidi. Zile kilojuli 785 hazifutiki, lazima ziende mahali. Anayeteremka kasi kwenye barabara iliyonyooka anazimwagia hewani, maana upepo unamzuia. Lakini njia ya Mombo haikuruhusu kukimbia hivyo. Kona ni nyingi, basi linatokea ghafla, mbuzi anavuka. Unashika breki, unaachia, unashika tena, na kila unaposhika, mwendo unageuka kuwa joto kwenye raba na ringi. Joto la mteremko mzima lingetosha kuchemsha birika la maji la lita mbili na kubakiza kidogo. Ndiyo maana wazoefu wanafunga breki kwa vipindi vifupi, ya mbele na ya nyuma, badala ya kuzikamata moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Ringi ikipata moto mno, tyubu inaweza kupasuka, na hapo hakuna fundi karibu ila aliye Soni au Mombo.

Anayedhani mambo haya ni ya watalii peke yao akumbuke Kigali. Mwezi Septemba 2025 jiji hilo lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na mipando yote ikijumlishwa ilifika mita 5,475, sawa na kupanda Mombo hadi Lushoto zaidi ya mara tano kwa siku moja. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Kigali iko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Lushoto, na vilima vyake si vikali kuliko vya Usambara. Barabara za kufanyia mazoezi tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuzifunga kwa nusu siku.

Je, wajua kwamba reli ilifika kwenye mguu wa milima hii ikaona bora ipite chini? Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikafuata ukingo wa milima hadi Moshi mwaka 1911. Lushoto, ambayo Wajerumani waliipa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, haikupata treni. Ila mbao zilipata usafiri wake: kampuni ya Kijerumani ilitundika waya kutoka Shume, juu kabisa, hadi kituo cha Mkumbara bondeni, na mierezi iliyokatwa msituni ikawa inashuka ikining'inia hewani. Baadhi ya vilele vilivyo vipara leo vilianza kunyolewa wakati huo.

Na mkonge unaouona tambarare, ukitokea Korogwe, una hadithi yake fupi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge yaliyokuja kuenea Tanganyika chanzo chake ni hiyo 62.

Katikati ya safari, Soni, njia inagawanyika. Wengi wananyoosha Lushoto. Mimi ningekushauri ukunje kulia angalau mara moja, uelekee Bumbuli, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni chai: mashamba yanafuata mikunjo ya vilima, barabara inapanda na kushuka bila kukuua, na hewa ina unyevu. Ya pili ni Vugha.

Je, wajua kwamba Vugha ulikuwa mji mkuu wa ufalme? Masimulizi ya Wasambaa, ambayo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, yanamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Alikuwa kigego, maana meno yake ya juu yaliota kabla ya ya chini, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akakimbia na mbwa wake, akaishi porini akiua nguruwe, na nyama akiwagawia watu wa milimani, ambao nao walimpa vyakula vya shambani. Nguruwe walikuwa wanamaliza mashamba yao, kwa hiyo mgeni huyu alikuwa neema mara mbili. Alipomshinda simba pia, wakamfanya mfalme. Ukipita Vugha kwa baiskeli, tazama mji ulivyokaa mgongoni mwa kilima, juu ya mabonde. Anayekuja anaonekana saa nzima kabla hajafika, na anafika akihema.

Mmoja aliyefika hivyo ni mmisionari Johann Ludwig Krapf, mwaka 1848, alipokwenda kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Wakati huo amri ya Kimweri ilishuka kutoka mlimani hadi karibu na pwani.

Kilichouvunja ufalme huo unaweza kukiona kwa macho, ukiwa Irente. Kutoka Lushoto ni kilomita chache tu, njia ya vumbi, na mwisho wake ni mwamba unaokatika kwenda chini karibu mita 1,000. Chini kabisa, kama ramani, iko Mazinde. Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa amejikita huko tambarare, kwenye njia ya misafara ya biashara. Zamani aliyekaa juu alikuwa na mvua, chakula na ushuru. Sasa aliyekaa chini ndiye aliyepata bunduki na baruti kwanza. Wakilindi, yaani ukoo wa kifalme, wakapigana wenyewe kwa wenyewe, Wabondei wakaasi, na Wajerumani walipokuja walikuta nyumba imeshapasuka. Wageni wengi wanaofika Irente wanapiga picha za machweo na kununua jibini. Jibini ni nzuri kweli, lakini mtu akiondoka bila kujua Mazinde ni nini, ameona nusu.

Kutoka Lushoto kwenda juu Magamba, vaa koti. Kwa kawaida hewa inapoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Magamba iko juu kuliko Lushoto. Jasho la mpando likikukuta kwenye kivuli cha msitu asubuhi ya Julai, meno yatagongana.

Na punguza mwendo, kwa ajili ya kinyonga. Je, wajua kwamba Usambara Magharibi ina kinyonga wake, ambaye dume ana pembe mbili zilizochomoza puani kama mikuki? Hadi mwaka 2008 wataalamu walimhesabu kuwa ni mmoja na ndugu zake wa milima jirani, kisha wakakubali kuwa ni aina inayojitegemea: Kinyongia multituberculata. Jina la kwanza mmelitambua, limechotwa kwenye Kiswahili. Akivuka barabara anakwenda hatua moja mbele, anasita, anajitikisa mbele na nyuma kama jani lililopigwa na upepo, kisha anaweka mguu wa pili. Mchezo huo unamficha kwenye tawi. Kwenye barabara ya vumbi jekundu haumfichi hata kidogo, na bodaboda hazimsubiri.

Mbele ya Magamba njia inagawanyika kuelekea Mlalo au Mtae. Ya Mtae inasifiwa zaidi kwa sababu ya mandhari, kijiji kikiwa ukingoni mwa milima, Hifadhi ya Mkomazi chini yake na Milima ya Pare kwa mbali. Ya Mlalo ina historia nzito zaidi. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa huko kupiga matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halina ubishi. Lakini kazi ilikuwa ngumu, aliyeiacha alitozwa faini, na ilikula muda ambao watu waliuhitaji kwa chakula chao. Walikataa, hasira ile ikakipatia chama cha TANU wafuasi, na mradi ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo ukipita utaona matuta na makinga maji kwenye miteremko mingi, kabichi na karoti zimejipanga juu yake. Mengine yalikuja baadaye na miradi mingine, mengine watu wamejichimbia wenyewe baada ya kuona faida.

Je, wajua kwamba Usambara ni mbili? Magharibi ni ya Lushoto. Mashariki ni ya Amani, na kati ya hizo mbili kuna bonde la mto Lwengera, unaokwenda kuungana na Pangani karibu na Korogwe. Mpanda baiskeli anayetaka zote mbili anateremka mwinuko wake wote hadi bondeni, kisha anaanza upya kutokea Muheza. Mashariki ndiko asili ya ua dogo la zambarau linalopendwa madirishani Ulaya: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alituma mbegu zake kwa baba yake mwaka 1892, na Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara. Huko kwao linauzwa dukani kwa bei ya mkate. Porini kwetu baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka.

Mwisho, maji. Mvua inayoangukia mteremko wa Soni inaishia Pangani. Inayoangukia upande wa kaskazini, misitu ya Shagayu, inaingia mto Umba, unaokata nyika kavu na kufika baharini karibu na Vanga, Kenya. Katika bonde la Umba watu wanachimba yakuti na vito vingine, na kuna kimoja, aina ya tomalini, chenye tabia ya peke yake. Kipande chembamba kinapitisha mwanga wa kijani. Weka kipande juu ya kipande, unene ukaongezeka, mwanga uleule unatoka mwekundu. Jambo hilo lilielezwa kitaalamu katika miaka ya 1990, na wataalamu wa vito duniani kote wanalijua kwa jina la milima hii.