Uwanja wa Nyuma ya Maduka: Maji, Kivuli na Haki ya Jirani



Aghalabu mtu ajengapo safu ya maduka, fedha na fikira zake huzielekeza mbele: milango, kibao na rangi ya ukuta. Nyuma huachiwa mapipa, makreti na maji machafu. Juma hili twapenda kuuzungumzia uwanja huo wa nyuma, na mfano wetu ni Kalamba, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni, penye kiwanda cha kusindika maembe.

Mbona Kalamba, ilhali sisi tu watu wa pwani? Kwa sababu huko hakuna upepo wa bahari wa kuusitiri uzembe wa mjenzi. Mvua ni chache, nazo huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Baada ya hapo ni jua, vumbi na foleni ya mitungi. Tena jamaa zetu wengi wana biashara bara, na lifaalo Kalamba halitakosa kufaa Voi wala Mariakani.

Tuanze na maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita 20 kwa 15 ukinyeshewa milimita 20, hupokea lita 6,000. Ukifunikwa wote kwa saruji, maji hayo hayana budi kutafuta pa kwenda, na mara nyingi huwa ni ghala la jirani. Dini yetu haimruhusu mtu kumdhuru mwenziwe, hata kwa kitendo alichokifanya ndani ya mipaka ya kiwanja chake. Basi sakafu na ipewe mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, uondoke ukutani uelekee kwenye miti. Kabro zilizolazwa juu ya mchanga ni bora kuliko saruji nzima, kwani maji kiasi hupenya baina yake. Wakamba wanaijua vyema hekima hii. Matuta ya "fanya juu", ambayo mtaro wake huchimbwa na udongo ukatupwa upande wa juu, yameenea Machakos na Makueni, na jina hilo la Kiswahili hutumiwa na wataalamu wa udongo hata nchi za mbali. Kanuni ni moja: maji yapunguziwe mwendo ili ardhi iyanywe.

Paa nalo lisisahauliwe. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ile ile, humwaga kama lita 2,000. Yakiwapo mabomba ya kuyapeleka kwenye tangi, mwenye duka atakuwa na maji ya kufagilia, ya kunawia na ya kutawadhia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudd, yaani kibaba, na akikoga kwa swaa, yaani pishi. Mferji wa bomba ulioachwa wazi wauzidi mno ukarimu huo. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, maji machache yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu wa faradhi ni tohara ila hayatoharishi tena. Mti hauna sharti hilo. Mahali pa kutawadhia pajengwe pale ambapo maji yake yataishia kwenye shina.

La pili ni kivuli. Mwarobaini huvumilia ukame na hutoa kivuli kizuri. Mti ambao Wakamba huuita mukau nao hustahimili jua na hutoa mbao njema. Mwembe wapendeza, lakini embe zianguukazo huita nzi, na wataka mtu wa kufagia kila siku. Upandwe upi, usikaribie ukuta, na udongo wa kulizunguka shina uachwe wazi angalau mita moja kila upande. Mtume ametufundisha kwamba apandaye mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

La tatu ni baraza. Iwe na kimo cha kama sentimita 45, iegemezwe ukuta wa magharibi, kwa maana alasiri ukuta huo ndio utupao kivuli chake uwanjani. Wazee wetu waliyajua haya. Katika nyumba za mawe za Lamu, daka la mlangoni lilikuwa la wageni, na kiwanda cha ndani kilicho wazi juu kiliviletea vyumba hewa na nuru. Ndani ya mabirika yao walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kwao uwanja ulikuwa sehemu ya nyumba, wala haukuwa masalio ya kiwanja.

Ni nani atakayeketi hapo? Ni mama mwenye mtoto mgongoni angojaye gari, ni mzee aliyetoka zahanati, ni kijana wa mkokoteni saa saba ya mchana. Mtume alikemea vikali kujisaidia katika njia ya watu au kivuli chao. Basi choo na mapipa viwekwe upande wa njia ya mizigo, nyuma ya kiukuta, mbali na mti.

Mwenye maduka atasema: pale ningejenga kibanda nikapata kodi. Hatukatai, kodi angeipata. Lakini wapangaji wake wangekosa pa kupumulia, na maji yangekosa pa kuzama. Baina ya kodi ya kibanda kimoja na dhara ya majirani wote, muumini ana la kupima.

Hatimaye, mti usio na mwenyewe hufa kiangazi cha kwanza. Wapangaji na waandikiane: nani amwagilie Jumatatu, nani afagie Jumanne, nani atoe taka. Karatasi hiyo moja yaweza kuufaa uwanja kuliko kabro za bei kubwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuwafaa wenzetu, na atukinge na kuwadhuru. Wabillahi tawfiq.