Lubumbashi: Miaka sita akijenga kompyuta moja, kipande kwa kipande

Katika nyumba moja ya komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, kompyuta ya mezani inafanya kazi huku ubavu wake mmoja ukiwa wazi. Mwenyewe, mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 34, hakuinunua hivyo dukani. Ameijenga kwa miaka sita, kila mara mshahara uliporuhusu.

Alianza mwaka 2019 na mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ya giga 4 na diski ya zamani. Ilikuwa ikichukua dakika kadhaa kabla ya kuwaka vizuri. Aliamini kwamba tatizo ni RAM tu, akaenda sokoni kununua nyingine. Alirudi na DDR4, kumbe mashine yake inapokea DDR3, na pengo la DDR4 haliko mahali pamoja na la DDR3. Haikuingia.

"Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Tangu siku ile naenda sokoni na kipande cha zamani mfukoni," anaeleza.

Kilichobadilisha mashine hiyo ni diski ya SSD. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta habari juu yake. SSD haina kitu kinachotembea ndani. Kwa kubadilisha kipande hicho kimoja, kompyuta ikaanza kuwaka kwa sekunde chache. Baadaye ndipo alipoongeza RAM hadi giga 12.

Umeme ndio uliomfundisha kwa ukali zaidi. Siku moja alifunga kisanduku cha umeme kilichotolewa katika mashine iliyotoka Marekani. Nyuma yake kulikuwa na kitufe chekundu chenye nafasi mbili: 115 na 230. Kilikuwa kwenye 115, na umeme wa Congo ni wa volti 220. Alipowasha, ulisikika mlio kama wa risasi, kisha moshi ukajaa chumbani.

Wakati huo mdogo wake wa kike alikuwa akiandikia kwenye kompyuta hiyo kazi yake ya mwisho wa masomo ya chuo kikuu. Hakuwa na nakala nyingine.

"Yaya, kazi yangu iko ndani," alisema, kisha akanyamaza.

Walingoja siku tatu hadi ilipopatikana pesa ya kisanduku kingine. Mashine iliwaka. Kilichokufa ni kisanduku peke yake. Diski ilikuwa nzima, na binti huyo alitetea kazi yake mbele ya walimu. Tangu hapo, kila Jumamosi mwalimu anaweka nakala ya kila kitu kwenye diski ya pembeni. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linapojaa mjini, anafungua mashine kila mwezi na kuisafisha kwa burashi laini.

Leo ana tatizo lingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea ndizo zinazokubaliwa kwa kawaida. Kwake, hiyo ni kusema kubadilisha bodi kuu, prosesa na RAM kwa mara moja.

Kwa sasa ameweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, na LibreOffice kwa kuandika mitihani. Mwanzoni mistari ilihama alipopeleka kazi kwa mwenye kuchapisha. Sasa anapeleka PDF tu.

Pesa ya bodi mpya ameanza kuiweka. Lakini mwezi huu minerval ya mtoto wake wa sekondari inatangulia.

"Mashine itangoje," anasema. "Imezoea."