Jua la Garissa, dizeli ya Mandera, bei moja

Mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia Suuq Mugdi, mjini Garissa, alinionyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu yake. Alikuwa amelipa shilingi 200, na uniti alizopata hazikufika kumi. Friza yake ilikuwa ikinguruma nyuma yake, mitungi ya maziwa imepangwa ndani, na juu ya friza kuna gunia lililokunjwa ili baridi isitoroke. "Mwanangu," akaniuliza, "ile mitambo ya jua pale nje ya mji ni yetu, na jua lenyewe ni letu. Mbona hatuuziwi stima kwa bei ya chini kuliko watu wa Nairobi?"

Siku ile nilimjibu kwa haraka kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, nami nitaanza na biashara yake mwenyewe. Mvua zikinyesha vizuri, ngamia hutoa maziwa mengi na bei hushuka. Kiangazi kikikaza, bei hupanda. Maziwa yaleyale yakinunuliwa malishoni ni rahisi, yakifika Eastleigh ni ghali, maana kuna gari, dereva, barafu na yale yaliyoharibika njiani. Bei ya maziwa, basi, inaamuliwa na msimu na umbali. Umeme nao ni vivyo hivyo, isipokuwa msimu wake ni saa, wala si miezi, na haukai hata dakika moja ukisubiri mnunuzi. Unazalishwa na kutumiwa papo hapo.

Nchi nyingi zimeigeuza hali hiyo kuwa soko. Wanorwei walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, Waswidi wakaungana nao mwaka 1996. Katika soko la aina hiyo, wenye mitambo hutangaza kila siku kiasi watakachouza kesho na bei yake, saa kwa saa. Msimamizi huwapanga kuanzia wa bei ya chini: maji, upepo, jua, kisha wanaochoma mafuta au gesi. Anawachukua mmoja mmoja mpaka mahitaji ya saa hiyo yatimie, na bei ya yule wa mwisho kuchukuliwa ndiyo wanayolipwa wote. Nyaya za kutoka eneo moja kwenda jingine zikijaa, maeneo hayo hutengana bei. Uswidi iligawanywa maeneo manne ya bei mwaka 2011. Mara nyingi watu wa kaskazini, wenye mito na mabwawa, hununua rahisi kuliko wa kusini, waliko watu wengi. Mama wa Suuq Mugdi angewaelewa Waswidi wa kaskazini mara moja.

Kenya haina soko hilo. Kwa miaka yote ambayo Garissa imekuwa na mtambo wa jua, mnunuzi wa jumla wa umeme wa gridi amekuwa mmoja, Kenya Power. Hununua kutoka KenGen, kutoka kampuni binafsi na kutoka Ethiopia, kila muuzaji kwa mkataba wake wa miaka mingi. Gharama zote humiminwa chungu kimoja, zikakorogwa, na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, huidhinisha bei moja ya nchi nzima. Mwenye nyumba Kisumu na mwenye nyumba Mandera, wakiwa kundi moja la matumizi, wanalipa sawasawa.

Sasa tuangalie kilichomo chunguni kutoka upande wetu. Mtambo wa Garissa ulizinduliwa Desemba 2019. Uwezo wake ni takriban megawati 50, paneli zake zinapita 200,000, zimetandazwa kwenye hekta 85, na ulijengwa kwa mkopo wa China chini ya shirika la serikali la umeme vijijini. Umeme wake unauzwa kwa Kenya Power kwa takriban senti 5 na nusu za dola kwa uniti, yaani kama shilingi 7. Hiyo ni miongoni mwa bei za chini kabisa katika vitabu vya kampuni hiyo. Mchana, mji wa Garissa hauna uwezo wa kuumaliza umeme wote huo. Unaozidi hupanda nyaya za kilovolti 132 kupitia Mwingi hadi Kindaruma, ukaingia gridi ya taifa.

Panda kaskazini sasa. Kuanzia Wajir hadi Mandera gridi haijafika. Miji ile inategemea vituo vyake yenyewe vyenye jenereta za dizeli, baadhi vikiwa vimeongezewa paneli kidogo. Jenereta ya kawaida hutoa uniti tatu na nusu hivi kwa kila lita. Tukichukua lita moja kwa shilingi 170, basi mafuta peke yake yanakaribia shilingi 49 kwa uniti moja. Hapo bado hujahesabu lori lililoyabeba, vipuri, oili wala mishahara. Mteja mdogo wa Mandera, yule asiyezidi uniti 30 kwa mwezi, mwaka 2025 alikuwa akiuziwa uniti hiyo kwa shilingi 12 na senti chache kabla ya kodi na tozo.

Anayefidia tofauti hiyo ni wewe na mimi, popote tulipo. Katika ujumbe wa tokeni kuna mstari wa gharama ya mafuta, ule ambao wengi huupita bila kuusoma. Mstari huo hubadilika kila mwezi kulingana na mafuta yaliyochomwa nchini, na dizeli ya Wajir na Mandera imo humo pamoja na ya mitambo ya pwani. Mfinyanzi wa Kakamega anachangia taa ya Mandera bila kujua. Mimi naona ni haki kabisa. Hakuna mtu aliyechagua kuzaliwa mbali na mabwawa.

Kuna jambo ambalo kwa miaka mingi limenikera. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA hiyohiyo hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na humo kila mji una bei yake. Mombasa hulipa kidogo kwa sababu bandari iko pale, Mandera hulipa zaidi kwa sababu iko mbali. Yaani dizeli ikitiwa kwenye gari la abiria mjini Mandera, umbali unahesabiwa juu ya abiria. Dizeli hiyohiyo ikimiminwa kwenye jenereta ya mji, umbali unafutwa kwa mtumiaji wa stima. Taifa limeamua mambo mawili tofauti kuhusu pipa moja, na sikumbuki tukiketi kulijadili.

Tuseme basi tumemkubalia mama wa Suuq Mugdi, tukaanzisha bei za maeneo kama Uswidi. Saa saba mchana friza yake ingenguruma kwa bei ya chini mno. Ila saa mbili usiku, wakati nchi nzima imewasha taa, runinga na majiko, na mahitaji ya taifa yamefika kilele ambacho mwaka 2025 kilipita megawati 2,300, paneli za Garissa hazitoi kitu. Mtambo ule ulijengwa bila betri. Saa hiyo mji wake ungekuwa mnunuzi wa mwisho kwenye waya mrefu, na angelipia hata umeme unaopotea njiani. Dada yake aliyeolewa Wajir, naye, angeletewa bei ya dizeli yote mkononi, mara tatu au nne ya anayolipa leo. Angeacha stima na kurudi kwenye kibatari.

Ukitaka kuiona bei isiyokorogwa, nenda Dadaab. Katika kambi za wakimbizi za Hagadera, Ifo na Dagahaley wafanyabiashara wenye jenereta wamevuta nyaya zao hadi kwa majirani na kuwatoza kwa taa au kwa kifaa. Hakuna wa kuwafidia, hivyo gharama yote ya dizeli inashuka juu ya mnunuzi. Hilo ndilo soko huria la umeme lililopo katika eneo letu, na walio ndani yake ni miongoni mwa maskini wa nchi hii.

Lakini bei moja nayo ina ubaya wake. Mahali ambapo bei haiwezi kupanda, upungufu hutafuta njia nyingine ya kujitokeza, na njia hiyo ni giza. Jenereta za mji wa mbali zikielemewa, hakuna bei ya kumwambia mwenye friji apunguze saa hii au mwekezaji alete mtambo mwingine. Kinachobaki ni kukata stima kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Mteja wa Wajir haoni ughali kwenye simu. Anauona kwenye kliniki inayohofia chanjo zake na kwenye fundi wa kuchomea vyuma anayekaa kitako hadi alasiri. Na kwa kuwa gharama halisi imezama chunguni, mtu wa Nairobi hajui ni mamilioni mangapi ya lita za dizeli yanachomwa kwa pesa zake, wala haulizi kwa nini jua linalopiga Wajir kwa nguvu ileile ya Garissa halijachukua nafasi ya dizeli hiyo.

Hapo ndipo ninaposimama. Bei moja ibaki, lakini gharama ya kila kituo ichapishwe kila mwezi, mji kwa mji, kama zinavyotangazwa bei za petroli tarehe 14. Tukiona kwamba uniti ya Mandera inatugharimu mara saba ya uniti ya Garissa, hesabu ya paneli na betri itajifanya yenyewe. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa KOSAP mwaka 2017, wa kupeleka umeme wa jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwamo Garissa, Wajir na Mandera. Ungesukumwa kwa kasi nyingine kama wananchi wangekuwa wanaona kila mwezi kuchelewa kwake kunakula kiasi gani.

Kuhusu giza la Garissa yenyewe, maana mama aliniuliza hilo pia: mitambo ya jua ya aina ile hufuata mdundo wa gridi. Waya wa Mwingi ukikatika, paneli hukosa mdundo wa kufuata na hujizima kwa usalama wa mafundi, hata jua likiwa utosini. Ndiyo maana mji unaweza kukosa stima adhuhuri huku unatazama paneli laki mbili.

Nilipoondoka kwake jua lilikuwa linazama ng'ambo ya Mto Tana, na adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Friza bado ilikuwa inanguruma. Muda mfupi kabla, umeme wake ulikuwa ukitoka paneli za jirani na ziada ikienda magharibi. Sasa ulikuwa umegeuza njia, unashuka kutoka Kindaruma, bwawa la mto uleule, kupitia Mwingi hadi kwenye maziwa yake.