Wastani Hauoni Mteremko

Karani wa sensa alikuwa na maswali mawili mazito kwa kina mama: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Vifo vingi vya watoto wachanga havikuandikwa popote, kwa hiyo pengo kati ya majibu hayo ndilo lililowasaidia wataalamu kukadiria wangapi hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa sensa ya Tanzania ya 1978, wastani wa nchi nzima ulikuwa 137 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai. Kilimanjaro 76. Mbeya 161.

Hiyo 161 ya mkoa wa Mbeya ilichanganya nchi mbili. Panda Hiace pale Tukuyu, wilayani Rungwe, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ukiwa umevaa sweta. Ukifika Kyela utakuwa umeshalivua. Umeshuka kilomita nzima kwenda chini. Hapa bondeni Kyela, kuanzia Mbugani hadi Mwaya na Matema, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji ya mlimani, masika hufurika, na maji yanayostawisha mpunga wetu maarufu huzalisha na mbu.

Wageni waliliona hilo mapema. Wamisionari wa Moravian walipokuja kwa njia ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa kabla ya kufika. Wenzake walipanda hadi Rungwe wakajenga huko. Mtoto wa bondeni hakuwa na pa kupanda.

Malaria humwanza angali tumboni: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, naye huzaliwa na uzito pungufu. Kinga aliyopewa na mama ikishapungua, homa humrudia tena na tena hadi damu inakwisha. Halafu degedege. Wazazi wengi waliamini huo si ugonjwa wa hospitali, wakaanzia kwa mganga. Siwalaumu sana, zahanati ikiwa ng'ambo ya mto uliofurika, mganga ndiye aliye karibu.

Ila tusiubebeshe mwinuko sifa zote. Sensa ya 1988 iliipa Kilimanjaro 67 na Mbeya 124, lakini Iringa, yenye baridi kama friji, ilikuwa na 130. Huko utapiamlo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1983 ulianzishwa mpango maalumu wa lishe kwa msaada wa UNICEF na WHO. Kilimanjaro ilikuwa na fedha ya kahawa, zahanati za karibu na mabinti waliosoma. Baridi pekee hainyonyeshi mtoto.

Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, mjamzito akipewa kliniki hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Klorokwini, ambayo vimelea walishaizoea, ilikuwa imeondolewa mwaka 2001. Dawa mseto ikafuata. Kwa tafiti za kitaifa, vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilikuwa 99 katika kila 1,000 mwaka 1999. Mwaka 2022 vilikuwa 33.

Hiyo 33 nayo ni wastani. Sasa Songwe ni mkoa unaojitegemea, umemegwa kutoka Mbeya, lakini Kyela na Rungwe bado zinasomwa pamoja kwenye jedwali la mkoa. Na huku ziwani si siri kwamba vyandarua vingine huishia kuvulia usipa.