Bamia Haifiki Gotini

"Daktari, ute wa magoti umeisha. Nile bamia au ninywe supu ya kongoro?" Kazi yangu ni mazoezi-tiba, na wazee wa Kariakoo wananiuliza swali hili hata kabla ya salamu. Bamia kula, supu kunywa. Ila kuhusu goti tusidanganyane.

Utelezi wa bamia ni nyuzinyuzi za mmea. Tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya. Zinapita mpaka utumbo mpana, zinakulainishia choo, basi. Hakuna njia ya kuutoa utelezi huo utumboni na kuumwaga gotini. Kongoro nayo humeng'enywa kama nyama nyingine, ikawa vipande vidogo vya protini ambavyo mwili huvipeleka unakotaka wenyewe. Mafuta yanayoelea juu ya bakuli, mwenye presha hayahitaji.

Ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya goti lenyewe. Goti lenye afya lina mililita chache tu, hazijazi kijiko cha chakula. Sasa sikiliza, maana wauza chupa za "dawa ya viungo" hawakwambii: goti lililochakaa likivimba, mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida. Daktari akilichoma sindano, anauvuta na unauona kwa macho yako. Umeishia wapi? Kilicholika ni gegedu, tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu. Chakula chake kimo kwenye ute, na ute huo huingia kwenye gegedu na kutoka goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, kama sifongo. Anayekwambia upumzishe magoti ili ute urudi anakushauri uyashindishe na njaa.

Na ile chupa iliyokutuliza siku ya pili tu? Dawa za namna hiyo zimekutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa na steroidi na vidonge vya maumivu. Goti linanyamaza, sukari inapanda, figo zinaumia.

Kariakoo ina ugonjwa wake mwingine. Nyumba ya Kiswahili yenye ua ilimtembeza mwenye nyumba kutwa nzima, bombani, jikoni, barazani. Imevunjwa, ghorofa limesimama, bibi kapewa fleti ya juu, lifti ina siku zake, na sokoni anatumwa mjukuu. Mapaja yanasinyaa, na goti lisilo na paja la kulishikilia halikosi kuuma.

Haya, fanyeni hivi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, mazoezi ya misuli siku mbili, na ya kujizuia kuanguka siku tatu. Tokeni asubuhi na mapema, kabla meza za wamachinga hazijaziba njia, mwende Mnazi Mmoja na kurudi. Inuka kitini mara kumi bila kujishika. Ukishindwa, anza na kiti kirefu zaidi. Simama mguu mmoja karibu na ukuta. Unayeweza bado kusujudu, usikimbilie kiti. Maumivu madogo yanayopoa kufikia kesho yake yasikutishe. Goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, au kifua kikibana njiani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mkongojo ushikwe mkono wa upande wa goti lisilouma. Wengi wenu mnaushika kinyume.