Pima Maji ya Pipa Kabla ya Kuongeza Mbolea

Wakulima wa skimu mlioanza kupanda spinachi katika maji yenye mbolea, bila udongo, mmekwisha kuona kwamba njia hii hufaa mahali penye nafasi ndogo. Lakini iko tofauti moja ambayo yafaa kuifahamu vizuri. Ukizidisha mbolea kidogo shambani, udongo hukusaidia kwa kuishika. Maji ya pipa hayashiki kitu, na mimea huumia upesi.

Jambo linaloharibu mimea mingi ni hili. Mkulima anaona maji yamepungua pipani na majani yamelegea saa saba mchana. Anadhani mimea ina njaa, basi anaongeza mbolea. Kumbe mimea ina kiu.

Siku ya jua kali mmea hunywa maji mengi kuliko mbolea. Maji hutoka hewani kupitia majani, na sehemu kubwa ya mbolea hubaki nyuma. Maji yanayobaki huzidi kuwa na chumvi, na chumvi ikizidi mizizi hushindwa kuvuta maji hata ikiwa imezama ndani yake. Majani hulegea, kisha kingo zake huungua na kuwa za rangi ya kahawia.

Tufanye hesabu. Una pipa la lita 200, na kipimo kinasoma 2.0. Baada ya siku chache zimebaki lita 150, na kipimo kinasoma 2.4. Mimea imekunywa robo ya maji, lakini mbolea imepungua sehemu moja tu katika kumi. Ukijaza lita 50 za maji matupu, kipimo kitarudi 1.8, nayo ni sawa kwa spinachi. Ukijaza lita 50 za maji yenye mbolea ya 2.0, kitakuwa 2.3. Fanya hivyo tena na tena, nacho kitapanda kila mara, nawe unalipa pesa za mbolea ili kuchoma mboga zako.

Kipimo chenyewe ni kidogo kama kalamu. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kuwa mbolea ikiwa nyingi umeme hupita kwa urahisi. Hesabu yake huitwa EC. Spinachi hupenda 1.8 hadi 2.3, letusi hutaka kidogo, 0.8 hadi 1.2, na nyanya huvumilia hata kupita 2.5. Kwa hiyo usilishe letusi na nyanya kwa pipa moja. Vipimo vingine husoma kwa ppm, na hapo uangalie sana, maana watengenezaji hawatumii hesabu moja: EC ya 2 huandikwa 1,000 katika kimoja na 1,400 katika kingine.

Pima pia maji matupu kabla ya kutia chochote. Maji ya mvua husoma karibu na sifuri. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana magadi, na kipimo huyahesabu magadi hayo ingawa si chakula cha mmea. Yachanganye na maji ya mvua.

Ikiwa kipimo kimeshuka, hapo ndipo uongeze mbolea, kidogo kidogo, huku ukikoroga na kupima. Kalsiamu naitreti iyeyushwe katika ndoo yake peke yake. Ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito, hugandamana kuwa unga mweupe, na mizizi haiwezi kuula.

Tena kipimo hakisemi ni chakula gani kilichokwisha; husema jumla tu. Kwa sababu hiyo badilisha maji yote kila wiki mbili au tatu. Yale ya zamani usiyamwage mtoni. Yamwagie nepia au migomba, nayo itamaliza mbolea iliyobaki.